Mume Wangu na Kikasha cha Katikati

Mume wangu ana masikio. Najua na wewe unayo, na mimi ninayo, lakini yetu ni ya kuvalia hereni na kushikilia miwani. Yake ni ya kusikilizia. Aliniambia hivyo mwenyewe tulipokuwa wachumba, na mimi kwa ujinga wa mapenzi nikaona ni sifa. Mtaani wamempa jina la Sauti Safi wakidhani wanamtania. Yeye alilipokea kama cheo, na akiitwa hivyo dukani hugeuka na kuinua mkono.

Kwa kazi, Sauti Safi ni mkaguzi kwenye kiwanda cha magodoro ya springi. Usicheke, ni kazi ya watu. Godoro linaletwa mbele yake, analibonyeza kwa goti, analaza sikio juu yake, anasikiliza springi zinavyolalamika, kisha ama anagonga muhuri ama anatikisa kichwa kwa huzuni. Hivyo ndivyo anavyoshinda, akilaza kichwa kwenye vitanda vya watu wasiomjua, na jioni ananirudia hoi na kuniambia nimpishe apumzike.

Sebuleni kwetu mna kochi, meza ndogo na mtambo. Kochi na meza ni vya familia. Mtambo ndio wenye sebule. Kuna mashine ya CD, kuna amplifaya ya kukuzia sauti, kubwa na nzito, inayotoa joto kuliko jiko langu, na kuna spika mbili zinazonifika kiunoni, ambazo nimekatazwa kuzifuta vumbi kwa kitambaa kikavu, na kwa kitambaa kibichi pia. Zamani, kati ya mashine ya CD na amplifaya kulikuwa na kikasha kidogo cheusi chenye kitufe cha kuzungusha. Ukizungusha huku sauti inapanda, ukizungusha kule inashuka. Hata mimi nisiye na masikio nilikielewa, na pengine hapo ndipo kilipojiharibia.

Maana mume wangu ana rafiki tunayemwita Profesa. Hajawahi kufundisha kitu chochote popote, ila hana sentensi isiyoanza na neno "kisayansi". Jumapili moja mchana alikuja, akala, akajipangusa midomo, akakitazama kile kikasha kama askari anavyomtazama mzururaji. Kisayansi, alisema, kila kitu unachoweka katikati kinaiba. Muziki unatoka kwenye CD ukiwa mzima, unapita kwenye kikasha, unatoka umechunwa ngozi. Dawa ni kuunganisha mashine ya CD na amplifaya moja kwa moja, waya kwa waya, pasiwe na mtu wa kati. Mume wangu alisikiliza huku macho yamemlowa. Kikasha kikapandishwa juu ya kabati la chumbani siku hiyohiyo, kikafunikwa blanketi.

Niliitwa nishuhudie. Nikaketishwa katikati ya kochi, mahali ambapo eti sauti za kulia na kushoto hukutana, mahali ambapo siku za kawaida siruhusiwi kukunjia nguo. Nilikuwa na kikombe cha chai mkononi. Sauti Safi akabonyeza, Profesa akafumba macho, na tarumbeta likaniingia kifuani likatokea mgongoni. Chai ikaenda kwenye gauni. Mume wangu akaruka juu ya meza kuvuta waya, na Profesa, ambaye sasa macho alikuwa ameyafumbua kabisa, alikuwa amefika mlangoni. Kumbe ule wizi wote uliokuwa ukifanyika kwenye kikasha ulikuwa ni kupunguza sauti. Amplifaya ile haina hata kitufe kimoja cha kuipunguzia. Ukiipa kitu inakitoa chote.

Mtu mwingine angekirudisha kikasha. Mume wangu alinunua mashine nyingine ya CD, ya aina ambayo rimoti yake inapunguza sauti humohumo ndani ya mashine, na akanieleza kwa upole kwamba sasa tumeshinda. Ilikuja na kitabu cha maelezo, ambacho mpaka leo kimo kwenye plastiki yake, kwa sababu vitabu vya maelezo huandikiwa watu wasio na masikio. Ilikuja pia na sheria mpya, ya Profesa: isizimwe kamwe. Vyuma vikipoa, sauti inapata mafua. Basi ikawa inawaka usiku na mchana, wiki nenda wiki rudi, sauti imewekwa pale chini panapompendeza yeye, na mimi nikaambiwa nisiiguse.

Sasa, mtu huyu asiyetaka kitu chochote katikati alikuwa na baba. Na kati yake na baba yake aliniweka mimi.

Baba mkwe wangu ni dereva mstaafu wa malori. Ujana wake wote aliumalizia juu ya injini, na ni mtu wa maneno machache, yote makubwa. Mimi naye tunaelewana. Kazi yangu ni kuita wagonjwa kwenye zahanati, ukumbini kwetu watoto wanalia na milango inabamizwa, kwa hiyo sauti niliyo nayo hata nikiomba chumvi watu wanageuka. Mume wangu ni kinyume changu. Huongea kama anayeomba ruhusa. Anaamini mwenye masikio hana haja ya kupayuka.

Walikosana kwenye mazishi ya mama mkwe. Sauti Safi alisimama kando ya kaburi akamzungumzia mama yake kwa maneno mazuri ajabu, ya chinichini, mpaka waliokuwa nyuma wakasogea mbele ili wasikie. Tulilia, hata wale waliokuja kwa ajili ya chakula walilia. Baba mkwe alisimama wima, uso mkavu, akimtazama mwanawe mdomoni. Hotuba ikaisha. Mzee akauliza, kwa sauti ya mtu aliye juu ya lori:

"Mmemaliza?"

Mume wangu hakulimeza hilo. Na mzee naye alikuwa na lake. Alinilalamikia kwamba tangu marehemu aondoke, huyu kijana akija kwake anasimama mlangoni na kunong'ona. Ananong'ona, anasubiri, halafu ananuna. Anamsengenya machoni pake. Yeye hakuzaa mnong'onaji, alisema, na kama kuna jambo moyoni mwake alitoe kiume au akae kwake. Basi akakaa kwake. Kila mmoja akampa mwenzake kisogo, na tangu hapo kila neno la huku na huku likawa linapita kwangu.

Na mimi, sijisifu, niliifanya kazi hiyo barabara. Mzee akisema, "Mwambie huyo mnong'onaji aje achukue baiskeli yake iliyooza kabla sijaitupa jalalani," mimi nafika nyumbani nasema Baba ameikumbuka baiskeli yako. Mume wangu akijibu kwa meno yaliyoumana kwamba amesikia, mimi narudi kumwambia mzee kwamba mwanao anakushukuru sana. Matusi yaliingia kwangu yakiwa moto, yakatoka vuguvugu. Hakuna aliyenipandisha juu ya kabati kwa hilo.

Kisha wifi yangu, anayeishi mji wa mbali, akaamua kumchukua baba yake akaishi naye moja kwa moja. Mzee alikubali haraka kuliko tulivyotarajia. Akagawa kuku, akaacha funguo kwa mwenye nyumba, akafunga mizigo miwili. Basi lilikuwa la Jumapili alfajiri. Na umri ule, na umbali ule, sote tulijua kwamba ile haikuwa safari ya kwenda na kurudi. Nilimwambia mume wangu kwamba mzee asipande basi kabla hawajaongea. Akasema ataongea naye Jumamosi, ila si yeye atakayesema.

Alikuwa ameikuta kanda ya zamani kwenye vitu vya mama yake. Marehemu aliimba kwaya, na wenzake walikuwa wakifanyia mazoezi sebuleni kwake, na siku moja mtu alirekodi. Profesa akaihamishia kwenye CD, na kusema kweli hilo alilifanya vizuri, hata bila kusema kisayansi. Mume wangu hakunisikilizisha. Aliniagiza tu nimlete mzee, na nisimwambie anachokuja kusikia, ili asije na uso ulioandaliwa.

"Atamsikia mama moja kwa moja," aliniambia. "Hakuna kikasha, hakuna mtu wa kati. Akimsikia na uso ule usibadilike, basi, mimi sina baba. Aende salama."

Alilisema polepole, kama anayeniagiza sabuni. Namjua. Ni mtu mpole, na mtu mpole akisema basi, imekwisha.

Jumamosi mchana mzee alikuja amenyoosha suruali, jasho linamtiririka, akakaa katikati ya kochi, pale patakatifu, bila kuomba ruhusa ya mtu. Mume wangu alimwamkia kutoka kwenye mtambo. Mzee akawa anaangalia spika. Hakujibu. Mume wangu akanitazama kwa jicho la "umeona?" akachukua rimoti na kubonyeza.

Mama mkwe akaingia sebuleni. Sijui niseme vipi. Alikuwa hai. Alikuwa anapanga watu, wewe hapa, wewe kule, akamcheka mmoja aliyeanza kabla ya wenzake, kisha wakaimba, na sauti yake ilikuwa pale kati ya zile spika, ya chini na safi, mpaka nikageuka kumtafuta. Nitampa mume wangu haki yake: ilikuwa safi. Nikamtazama mzee.

Mzee alitazama ukuta. Akatazama viatu vyake. Akaniangalia, akaniinamishia kichwa kwa adabu kama mgeni anayengoja chakula. Akajipangusa shingo kwa leso. Halafu, marehemu mkewe akiwa katikati ya ubeti, akasema:

"Haya. Mnaanza saa ngapi?"

Mume wangu alizima wimbo. Aliiweka rimoti juu ya meza taratibu sana, akapita mbele ya baba yake, akaingia chumbani na kufunga mlango. Nikasikia komeo.

"Ameenda wapi?" mzee akaniuliza. "Amenong'ona nini tena?"

Nikamwambia hajasema kitu. Nilimkasirikia, siwezi kuficha. Nilimwona mzee mwenye roho ya jiwe, na nikawaza kwamba nimepoteza miaka nikipooza matusi ya watu wawili wasiostahili. Lakini alikuwa anavuja jasho, na mgeni ni mgeni. Nikaleta feni. Sebuleni tuna soketi mbili; moja imeshikwa na amplifaya, nyingine na ile mashine ya CD isiyozimwa kamwe. Nikaichomoa. Soketi ni soketi. Feni ikaanza, mzee akafungua kifungo cha shingoni, nami nikaenda kwenye mlango wa chumbani nikamwambia mume wangu, kwa sauti ninayoitia wagonjwa, kwamba baba yake anaondoka kesho na atoke aje amuage kama watu wengine wanavyoagana.

Akatoka. Akasema ametoka kuchukua CD yake tu, aiweke mahali ambapo hakuna atakayeiulizia saa ya kuanza. Akaiona feni. Akauona waya wa mashine umelala sakafuni. Alinitazama kama niliyemchinjia mtoto. Akaing'oa feni, akaichomeka mashine, akaokota rimoti aifungue aitoe CD yake. Kwa hasira, kidole kikakosea kikabonyeza pa kuanzia. Na mashine ile, jambo ambalo limeandikwa kwenye kitabu kilichomo kwenye plastiki, ikikatiwa umeme inasahau sauti ilikuwa imewekwa wapi. Ikiwaka upya, inawaka juu kabisa.

Mama mkwe wangu alikuwa mwembamba na mpole. Safari hii aliingia na ukubwa wa jengo. Glasi zilitembea mezani. Kalenda ilianguka. Mimi nilichuchumaa nikafunika kichwa, mume wangu akaziba yale masikio yake kwa viganja vyote viwili, na rimoti ikateleza ikaingia chini ya kochi. Alipiga magoti kuitafuta, hakuiona, nami nikainua uso nimpigie kelele avute waya. Sikupiga kelele. Nilikuwa nimemwona mzee.

Mzee alikuwa amesimama. Uso ulikuwa umefunguka wote. Alitazama spika, kisha akageuka kutazama mlango wa jikoni, kama mtu aliyeitwa kutoka huko, na midomo ilikuwa inatetemeka. Alikuwa anafuatisha wimbo. Machozi yanamshuka mpaka kwenye ukosi na hayafuti, na mkono wake ulikuwa unapiga mapigo pajani, barabara, kila neno mahali pake. Kwaya ikafika mwisho. Marehemu akacheka, akasema na mtu aliyekuwa karibu: "Mzee wangu..." Hapo spika zikakoroma, zikapasuka ndani kwa ndani, harufu ya kuungua ikajaa, na kukawa kimya.

Nilielewa palepale, na moyo ukaniuma. Mzee hasikii. Hasikii, na hasikii tangu zamani. Kila harusi, kila kikao, marehemu alikuwa akikaa bega kwa bega naye akimsemea sikioni, na sisi tukawa tunasema angalia wazee hawa bado wanapendana. Alipozikwa, hakubaki wa kumsemea, na yeye kwa kiburi chake cha udereva hakumwambia mtu. Mimi alinisikia kwa sababu napayuka. Mwanawe alimwona tu akichezesha midomo.

"Pale mwisho amesema nini?" mzee akauliza. "Ameniita. Nimemsikia akiniita. Amesema nini?"

Mume wangu akanigeukia mimi. Alikuwa ananisubiri nipeleke, kama siku zote. Nilikuwa na sauti ya kutosha kabisa, lakini maneno ya CD ile aliyajua yeye. Na hata kama ningeyajua. Nikafunga mdomo, nikaenda kufungua dirisha moshi utoke.

Akasogea mbele ya baba yake akamwambia. Alimwambia kwa sauti yake ileile ya kuomba ruhusa. Mzee alimtazama midomo, akasubiri, kisha akaniangalia mimi kwa unyonge.

"Unaona? Ananong'ona."

Hakulisema kwa hasira safari hii. Na mume wangu, mwenye masikio, mwenye kusikia springi moja mbovu kati ya mia, hatimaye akasikia. Nilimwona anavyobadilika rangi. Alimkalisha mzee kwenye kochi, akapiga magoti, akaweka mdomo wake kwenye sikio la baba yake, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akapaza sauti.

"Anasema, mzee wangu, umesimama mlangoni kwa nini? Njoo ukae karibu yangu!"

Mzee akafumba macho. Akamshika mwanawe ukosi wa shati ili ule mdomo usiondoke pale ulipo.

"Tena."

Akasema tena, kwa nguvu zaidi. Mishipa ya shingo ilimsimama. Alikuwa analia na kupayuka kwa pamoja, na hakuna hata kimoja alichokuwa amewahi kukifanyia mazoezi, kwa hiyo kilikuwa kibaya kwelikweli. Mzee aliitikia kwa kichwa kila neno. Walikaa hivyo. Kisha mzee akamuuliza, bila kumwachia ukosi:

"Na wewe? Siku zote zile ukija kusimama mlangoni kwangu, ulikuwa unaninong'oneza nini?"

Mume wangu akavuta pumzi, akapaza sauti tena.

"Nilikuwa nakuamkia, Baba. Nilikuwa nasema shikamoo."

"Sema."

"Shikamoo, Baba!"

"Marahaba," alisema mzee. "Marahaba, mwanangu. Na zile za mlangoni, zote, marahaba. Sema tena."

Mlango ukagongwa. Ni jirani yetu, mama wa ghorofa ya juu, amejifunga kanga kiunoni, amekuja vitani. Akaniambia kwamba kelele za kwanza, zile za muziki, alikuwa tayari kuzivumilia, lakini sasa anasikia wanaume wanafokeana na kulia, na kama kuna watu wanapigana humu ndani nimwambie aite msaada. Nikauvuta mlango nyuma yangu, nikamwambia hapigani mtu, ni watu wanaamkiana.